Wenye Pwani Wanaobisha Hodi Kwao

Kaskazini-magharibi mwa jiji la Los Angeles, katika vilima vya Simi, ipo maabara ya Santa Susana, ambako kwa miaka mingi Wamarekani walijaribia injini za roketi. Baadhi ya injini za roketi zilizopeleka watu mwezini ziliunguruma hapo kwanza. Mwaka 1959 kinu cha majaribio ya nyuklia kilichokuwa katika eneo hilo kilipata ajali, sehemu ya fueli yake ikayeyuka, na mabishano kuhusu namna ya kuisafisha ardhi ile hayajaisha hadi leo. Ndani ya uzio huohuo, chini ya jabali lililobinuka, upo ukuta wa michoro ya rangi nyekundu, nyeusi na nyeupe. Kuna viumbe walionyoosha mikono, kuna wadudu wa miguu mingi, kuna duara zilizochorwa moja ndani ya nyingine. Mwezi Desemba, katika siku iliyo fupi kuliko zote za mwaka, mwali wa jua hupenya na kutua juu ya duara hizo.

Mahali hapo panaitwa Burro Flats, na michoro hiyo ni kazi ya mababu wa Wachumash na majirani zao. Mwaka 1976 serikali ya Marekani iliiingiza katika orodha ya taifa ya maeneo ya kihistoria. Imebaki katika hali nzuri kuliko michoro mingi ya California, na sababu yake inasikitisha: siri za serikali na hofu ya sumu viliwaweka mbali wahuni wa kuchora majina na kufyatua risasi. Lakini uzio uliomzuia mhuni ulimzuia pia mjukuu wa mchoraji. Akitaka kusimama mbele ya kazi ya bibi na babu zake, hana budi kuomba kibali.

Nimeanza na Burro Flats kwa sababu panaonyesha wazi jambo ambalo katika hifadhi nyingi hufichwa na vibao vizuri na njia zilizofagiliwa. Kulinda mahali ni jambo moja. Kumwachia mwenyewe mahali pake ni jambo jingine, na historia ya hifadhi za Wachumash kwa sehemu kubwa ni historia ya umbali uliopo kati ya mambo hayo mawili.

Wachumash ni watu wa pwani ya California ya kati na kusini. Nchi yao ilianzia karibu na Malibu, ikapanda kaskazini hadi maeneo ya San Luis Obispo, ikaingia bara hadi uwanda mkavu wa Carrizo, na kuvuka maji hadi visiwa vinne: Anacapa, Santa Cruz, Santa Rosa na San Miguel. Hawakuwa dola moja. Walikuwa vijiji vingi, kila kimoja na mkuu wake, na mara nyingine mkuu huyo alikuwa mwanamke. Lugha zao zilikuwa kadhaa za ukoo mmoja. Hawakulima mashamba, lakini bahari iliwalisha samaki na chaza, na mialoni iliwapa mbegu walizozitwanga na kuziondoa uchungu kwa maji kabla ya kupika uji. Wazungu wa kwanza walipofika, Wachumash wanakadiriwa kuwa watu wapatao 20,000. Mwaka 1542 nahodha Juan Rodríguez Cabrillo, aliyesafiri kwa niaba ya Hispania, alikuta mitumbwi mingi sana katika kijiji kimoja cha pwani hiyo hata wenzake wakakiita Mji wa Mitumbwi.

Visiwa vile sasa ni sehemu ya Hifadhi ya Taifa ya Channel Islands, iliyoanzishwa mwaka 1980. Boti za wageni huondoka Ventura. Huko hakuna hoteli wala duka. Anayelala hubeba hema, chakula na, katika sehemu nyingi, maji yake. Wageni wengi huenda kuangalia ndege, nyangumi na mbweha mdogo wa visiwani asiyepatikana kwingine duniani, ambaye alikaribia kutoweka kabisa kabla ya kuokolewa. Ni sababu nzuri za kusafiri. Hata hivyo, anayeshuka kwenye ufukwe wa Scorpion katika kisiwa cha Santa Cruz na kuona nyasi na upepo tu, hajaona alipofika. Anakanyaga kijiji. Kiliitwa Swaxil, na kisiwa chenyewe kiliitwa Limuw.

Mwaka 1959 mtafiti Phil Orr alipata mifupa ya mtu mahali paitwapo Arlington Springs, katika kisiwa cha Santa Rosa. Vipimo vya baadaye vilionyesha kuwa mtu huyo aliishi miaka ipatayo 13,000 iliyopita. Ni miongoni mwa mabaki ya kale kuliko yote ya binadamu yaliyopatikana Amerika ya Kaskazini. Zama hizo maji ya bahari yalikuwa chini, na visiwa vinne vya leo vilikuwa kisiwa kimoja kikubwa. Lakini hata wakati huo kisiwa hicho hakikuungana na bara. Kwa hiyo mtu wa Arlington Springs, au waliomtangulia, walifika kwa chombo cha majini. Ubaharia katika pwani ile una umri huo.

Wachumash wenyewe wana masimulizi yao kuhusu kuvuka huko. Wanasema watu waliumbwa Limuw na Hutash, mama wa dunia, kutokana na mbegu za mmea wa kichawi. Walipoongezeka wakajaa kisiwani, aliwawekea upinde wa mvua uwe daraja la kwenda bara. Aliwaonya wasitazame chini. Waliotazama walipata kizunguzungu wakaanguka, naye kwa huruma akawageuza pomboo wasizame. Ndiyo maana kwa Mchumash pomboo ni ndugu, na ndiyo maana bahari iliyo kati ya bara na visiwa si nafasi tupu ya kupitia.

Chombo kilichoiunganisha nchi hiyo ya pande mbili ni tomol, na hapa msomaji wa pwani yetu atanielewa upesi. Tomol ilikuwa ya mbao zilizoshonwa. Mafundi walikusanya magogo ya redwudi yaliyosukumwa na mawimbi kutoka kaskazini, wakayapasua kwa kabari za mifupa ya nyangumi, wakazilainisha mbao kwa ngozi ya papa, wakatoboa matundu na kuzifunga pamoja kwa kamba za nyuzi za mimea, bila msumari hata mmoja, kama mafundi wa Lamu walivyoushona mtepe kwa kamba za nazi. Nafasi za kati walizikalafati kwa mchanganyiko wa utomvu wa msonobari na lami inayochuruzika yenyewe kutoka ardhini katika fukwe zile. Watu hawa hawakuwahi kukutana na Waswahili. Bahari mbili tofauti zilidai kazi ya aina moja, na mikono miwili tofauti ikaifanya.

Tomol ilibeba samaki, ngozi, habari na wachumba. Zaidi ya yote ilibeba fedha. Huko Santa Cruz mafundi walitengeneza shanga kutokana na makombe ya konokono wadogo wa baharini. Walizikata, wakazitoboa kwa ncha za mawe ya kisiwani na kuzisugua zikalingana. Shanga hizo zilipimwa kwa kuzungushwa mkononi, na zilinunua vyakula na bidhaa mbali sana na pwani. Katika baadhi ya maeneo ya visiwa hivyo vipande vya ncha za kutobolea bado vimetapakaa ardhini. Ni kosa kisheria kuokota hata kimoja, na sheria hiyo naiunga mkono kwa moyo wote, kwa kuwa kipande kimoja kikiondolewa, sentensi nzima ya historia huondoka nacho.

Kisha zikaja misheni. Kati ya mwaka 1772 na 1804 mapadri wa Kihispania walijenga tano katika nchi ya Wachumash: San Luis Obispo, San Buenaventura, Santa Barbara, La Purísima na Santa Inés. Surua na maradhi mengine mageni yaliua watu vijiji kwa vijiji. Kufikia miaka ya 1820 wenyeji wa visiwani walikuwa wamehamishiwa bara, na visiwa vikaja kuwa malisho ya kondoo.

La Purísima, karibu na mji wa Lompoc, leo ni hifadhi ya kihistoria ya jimbo la California. Majengo yake yalikuwa yamebomoka, yakajengwa upya katika miaka ya 1930 na vijana wa mpango wa serikali wa kuwapa kazi wasio na ajira. Kazi yao ilikuwa nzuri. Mgeni huona karakana za mishumaa, za ufumaji na za ngozi, huona kanisa refu lenye kuta nene, na bustani. Ni mahali patulivu, na utulivu huo ndio unaonipa shaka. Matofali ya kwanza ya pale yalifinyangwa na Wachumash. Waliobatizwa hawakuwa na ruhusa ya kuondoka wapendavyo. Aliyetoroka alifuatwa na askari, akirudishwa alichapwa.

Februari 1824 askari mmoja alimpiga vibaya kijana wa Kichumash katika misheni ya Santa Inés. Watu wakaamka. Uasi ulifika La Purísima na Santa Barbara katika muda mfupi. Huko La Purísima Wachumash waliiteka misheni yote, wakawaacha askari na jamaa zao waondoke, wakatoboa matundu ya bunduki kwenye kuta na kuishikilia kwa karibu mwezi mzima. Mwezi Machi jeshi la Mexico, iliyokuwa imejipatia uhuru wake miaka michache tu kabla, lilikuja na mizinga. Wachumash 16 waliuawa katika mapigano ya asubuhi moja, na baada ya kusalimu amri wengine 7 walihukumiwa kifo. Wale wa Santa Barbara walikimbilia bara, wengi wao wakarudi baada ya kupewa msamaha. Anayetembelea La Purísima na kutoka akikumbuka mishumaa tu, ametembelea nusu ya mahali.

Michoro ya mapangoni ndiyo inayojulikana zaidi na wageni. Juu ya mji wa Santa Barbara, kwenye barabara nyembamba inayopanda mlima kwa kona kali, ipo hifadhi ndogo sana ya jimbo iitwayo Chumash Painted Cave. Hakuna uwanja wa kuegesha magari. Ni pango la mwamba wa mchanga, na mlangoni mwake kuna lango la nondo lililofungwa. Mgeni husimama nje na kuchungulia. Ndani, dari na kuta zimejaa magurudumu, jua, viumbe na mistari. Duara moja jeusi limewafanya baadhi ya wataalamu wafikirie kwamba linaonyesha kupatwa kwa jua kwa tarehe 24 Novemba 1677. Inawezekana. Wachumash walikuwa na wajuzi wa nyota walioshika kalenda na kuongoza ibada, na si ajabu tukio kama hilo likaandikwa ukutani.

Katika uwanda wa Carrizo, uliotangazwa na Rais Bill Clinton kuwa eneo la kumbukumbu ya taifa Januari 2001, kuna Painted Rock, jabali kubwa lenye umbo la kiatu cha farasi linaloinuka peke yake katika nyasi. Wachumash walilitumia pamoja na majirani zao wa bara, Wayokuts. Jabali hilo halikuwa na lango la nondo, na gharama yake inaonekana: katika karne ya 20 wageni walilipiga risasi, wakachonga majina yao juu ya michoro, wakabandua vipande. Picha za zamani zinaonyesha rangi zilizokuwa zimejaa. Leo sehemu kubwa imepotea na haiwezi kurudishwa. Sasa kuingia kuna masharti, kwa kibali au kwa kuongozwa, kutegemea msimu. Nikitazama hasara ya Carrizo, siwezi kulilaumu lango la Santa Barbara.

Mahali pengine hapakusubiri hata mhuni. Kando ya Goleta, kilikuwapo kilima ndani ya wangwa kilichobeba kijiji kikubwa cha Helo'. Wakati wa Vita Kuu ya Pili kilichimbwa kwa matingatinga, na udongo wake ukatumika kujazia kiwanja cha ndege. Anayetua Santa Barbara kwa ndege leo anatua juu ya udongo wa kijiji hicho.

Kizazi kilichokua baada ya hapo ndicho kilichokataa kunyamaza. Katika rasi ya Point Conception, ambayo Wachumash huiita Humqaq, pwani ya California hukunja kona ghafla. Kwa imani yao hapo ndipo roho za wafu huiacha dunia zikielekea magharibi. Kampuni zilipotaka kujenga kituo cha gesi katika eneo hilo, mwaka 1978 Wachumash na wenzao walipiga kambi hapo kwa miezi kadhaa kuzuia uchimbaji. Kituo hakikujengwa. Mwaka 2017 shirika la The Nature Conservancy lilinunua ranchi iliyoizunguka rasi hiyo, zaidi ya eka 24,000, kwa mchango wa dola milioni 165 uliotolewa na Jack na Laura Dangermond, na sasa ni hifadhi.

Katika miaka hiyohiyo ya mapambano ufundi wa tomol ulirudi. Ulirudi kwa sababu mzee mmoja, Fernando Librado, jina lake la Kichumash Kitsepawit, alikuwa amemsimulia mtafiti John Peabody Harrington kila hatua ya ujenzi kabla ya kufariki mwaka 1915. Kwa kufuata maelezo hayo, mwaka 1976 ilijengwa tomol iitwayo Helek. Mwaka 1997 ikafuata 'Elye'wun, yenye jina la samaki nduaro, na mwaka 2001 wapiga makafi wa Kichumash walivuka nayo kutoka bara hadi Limuw. Tangu wakati huo uvukaji umekuwa ukifanyika karibu kila mwaka, mwezi Septemba. Huanza gizani, wapiga makafi wakipokezana zamu katikati ya bahari, na mchana jamaa huwapokea kwa nyimbo kwenye ufukwe wa Swaxil. Siku hiyo hifadhi ya taifa huwa nyumbani kwa wenyewe. Hakuna kibao cha maelezo kinachoweza kufanya kazi hiyo.

Bara pia kuna sehemu ambazo Wachumash wanasimulia kwa vinywa vyao. Makumbusho ya Chumash ya Thousand Oaks yamo katika bonde la mialoni ya kale. Huko Malibu, Mati Waiya na taasisi ya Wishtoyo walijenga kijiji cha nyumba za mviringo za mierebi na matete juu ya bahari. Moto mkubwa wa Novemba 2018 ulikipitia, nao wakaanza kujenga tena. Santa Ynez, jumuiya ya Wachumash ilifungua makumbusho yake mapya mwaka 2025.

Lakini Santa Ynez ni jumuiya pekee ya Wachumash inayotambuliwa na serikali kuu ya Marekani. Wengine wote, wa Ventura, wa Santa Barbara, wa San Luis Obispo, kwa macho ya Washington si taifa la wenyeji kisheria. Mifupa ya wahenga wao inapofukuliwa na mjenzi wa barabara, sauti yao haina uzito uleule. Hili naliona kuwa jeraha kubwa zaidi kuliko risasi za Carrizo, kwa sababu linaweza kutibiwa kwa saini na bado halijatibiwa.

Kwa hiyo kilichotokea mwaka 2024 kina uzito wa pekee. Baraza la Wachumash wa Kaskazini, ambalo halina utambuzi huo, mwaka 2015 lilipeleka ombi kwamba bahari yao iwe hifadhi. Aliyeliongoza ni mwenyekiti Fred Collins. Alifariki mwaka 2021 kabla ya kuona matunda, na binti yake Violet Sage Walker akaendelea. Oktoba 2024 serikali ilitangaza Hifadhi ya Bahari ya Urithi wa Chumash: maili za mraba 4,543, karibu kilomita za mraba 11,800, ikigusa maili 116 za pwani. Ni hifadhi ya bahari ya kwanza katika Marekani bara kupendekezwa na wenyeji wa asili. Uchimbaji mpya wa mafuta umepigwa marufuku humo, jambo lisilo dogo katika bahari iliyochafuliwa na mlipuko wa kisima cha Santa Barbara mwaka 1969. Wenyeji wa asili wamewekewa nafasi katika kuishauri na kuisimamia.

Haikuwa kila kitu walichoomba. Eneo la bahari mbele ya Morro Bay liliachwa nje ili nyaya za mitambo ya upepo ya baharini zipate pa kupita. Wasalinan, majirani wa kaskazini, walilipinga jina lenyewe wakisema nao wana haki katika maji hayo, na malalamiko yao yanastahili kusikilizwa. Lakini kwa mara ya kwanza mpaka wa hifadhi katika nchi ya Wachumash umetokana na ombi lao, wakilitaja jina lao. Pango la Santa Barbara lililindwa dhidi ya watu. Bahari hii inalindwa pamoja na watu wake, na kwa maoni yangu huu ndio mfano ambao hifadhi nyingine za nchi hiyo, kuanzia Burro Flats, zinapaswa kuufuata.

Wewe msomaji unayeishi California, au utakayebahatika kufika, anza safari yako katika makumbusho ya Wachumash wenyewe kabla ya kukata tiketi ya boti ya Ventura. Usiguse mchoro, maana mafuta ya kidole huidhuru rangi. Usiokote ushanga wala jiwe. Ukionyeshwa pango ambalo halijatangazwa kwa wageni, usiweke picha wala ramani yake mtandaoni. Waulize kwanza wenyewe, na wakikukatalia, kubali.